Taarifa Kabla ya Zege: Risala ya Wakazi wa Mara ya Chini kwa Serikali za Kenya na Tanzania

Waheshimiwa Mawaziri mnaosimamia maji na mazingira katika Jamhuri ya Kenya na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria;
Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki;
Waheshimiwa Magavana wa Bomet na Narok, na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mara;
Viongozi wa dini, wazee wetu wa mila, ndugu zetu mliotoka juu ya mto, mabibi na mabwana:

Kila tarehe 15 Septemba nchi zetu mbili huadhimisha Siku ya Mara kwa zamu, mwaka huu huku, mwaka mwingine kule. Hupandwa miti, hupigwa ngoma, hutolewa hotuba. Leo tunaomba mtuvumilie kidogo kabla ya ngoma, kwa sababu tumekuja na malalamiko, na baada ya malalamiko tumekuja na madai. Tumeyaandika ili yasipotee na upepo.

1. Sisi ni nani

Sisi ni wakulima, wafugaji na wavuvi wa vijiji vilivyo kando ya Mto Mara katika wilaya za Serengeti, Tarime, Butiama na Rorya. Mto tunaouzungumzia unaanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, juu kabisa ya msitu wa Mau nchini Kenya. Unateremka kwa mikono miwili, Nyangores na Amala, ambayo hukutana na kuwa Mara. Unakatiza Masai Mara, unapokea maji ya Talek na Mto Mchanga, unavuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Serengeti, kisha unatanuka katika eneo oevu la mafunjo kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Urefu wake ni kilomita 395 hivi. Takriban theluthi mbili za bonde lake ziko Kenya, theluthi moja iko Tanzania.

Zaidi ya watu milioni moja wanaishi ndani ya bonde hili. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka hutegemea Mara wakati wa kiangazi, kwa kuwa ndio mto pekee wa kaskazini mwa Serengeti usiokauka. Kwa hiyo mtu akiugusa mto huu kule juu, anagusa ugali wetu, anagusa utalii wa nchi mbili, na anagusa ziwa la nchi tatu.

Hapo ndipo penye shida yetu yote. Mengi yanayotupata huku chini huamuliwa mahali ambapo hatupigi kura. Mwakilishi wa wadi ya Bomet hatumchagui sisi. Ofisi inayotoa kibali cha kuchota maji ya Amala haiwajibiki kwa mwenyekiti wa kijiji cha Tarime. Mtu asiyeweza kumwajibisha mwamuzi kwa kura hana silaha nyingine ila sheria, na sheria tunayoizungumzia leo ni ile inayozibana nchi zisiruhusu madhara yavuke mpaka.

2. Malalamiko yetu

2.1 Msitu wa Mau. Msitu huu wa hekta laki nne hivi ndio mkubwa kuliko misitu yote ya milimani ya aina yake iliyobaki Afrika Mashariki. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa sehemu kubwa ya ardhi yake katika hifadhi na kuigawa. Mwaka 2009 kikosi kazi kilichoundwa na aliyekuwa Waziri Mkuu, Mheshimiwa Raila Odinga, kiliripoti kwamba zaidi ya hekta 107,000, yaani karibu robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea katika miongo miwili. Tangu hapo kumekuwa na juhudi za kurudisha miti, nasi tunazishukuru. Lakini katika historia yote hiyo ya kugawa na kurudisha, wakazi wa Mara ya chini hatukuhesabiwa kuwa wahusika. Tulihesabiwa kuwa mambo ya nchi nyingine.

2.2 Tope. Udongo usioshikwa na mizizi huteremka na mvua. Ukifika huku, ambako nchi ni tambarare na maji yanapoteza mwendo, hutua. Eneo oevu la Mara limetanuka sana tangu miaka ya 1970 na kuyameza mashamba na njia za mifugo. Wavuvi wa kambare na kamongo wanajua jambo hili kwa mikono yao: mkondo uliopitika kwa kasia sasa unapitika kwa upondo, na pengine mvuvi hushuka ndani ya maji akausukuma mtumbwi katikati ya mafunjo, huku akiangalia mamba. Kiangazi nako kuna shida ya upande wa pili. Mto ukipungua, akina mama huchimba shimo kwenye mchanga wa ukingoni, husubiri maji yajichuje, kisha huteka kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka ndoo ijae. Masika tunazama, kiangazi tunachimba: ndiyo dalili ya mto uliopoteza msitu unaoyatunza maji na kuyaachia taratibu.

2.3 Miradi inayotufikia kama fununu. Tangu miaka ya 1990 kumekuwapo na mpango wa kuyahamisha baadhi ya maji ya Amala kwenda bonde la Ewaso Ng'iro Kusini ili yazalishe umeme. Maji yakivuka kilima kinachotenganisha mabonde hayo mawili hayarudi tena Mara. Kuna mapendekezo mengine ya mabwawa kwenye mikono ya juu ya mto, kwa ajili ya umwagiliaji na maji ya miji. Hatusemi miradi hii ni mibaya. Mkulima wa Bomet naye anahitaji maji, na mtoto wa Narok naye anahitaji taa ya kusomea. Tunalalamikia namna habari zinavyotufikia: mara kwenye redio, mara kwa dereva wa lori aliyepita mpakani Sirari, mara kwa mtafiti aliyekuja kutuuliza maoni yetu kuhusu jambo ambalo hatujawahi kuelezwa.

2.4 Machi 2022. Mwezi huo maji ya Mara upande wetu yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Serikali yetu ilizuia watu kuvua na kutumia maji yale, ikaunda kamati. Kamati ilisema kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza katika eneo oevu vilimaliza oksijeni ndani ya maji. Wengi walibisha, na mabishano yale hatuyafufui leo. Tunajua pia kwamba mto huu una mambo yake ya asili: watafiti walionyesha mwaka 2018 kuwa kinyesi cha maelfu ya viboko wa upande wa Masai Mara, kikisombwa kwa ghafla na mafuriko, huweza kuua samaki. Si kila kinachotoka juu ni kosa la mtu wa juu. Ndiyo maana mabishano ya namna ile humalizwa na jambo moja tu: rekodi za ubora wa maji za pande zote mbili, za kabla ya tukio, zilizo wazi kwa kila mtu. Pasipo rekodi, kila upande hubaki na hadithi yake.

2.5 Vipimo visivyosomwa na wenyewe. Mto una vituo vya kupimia maji: Bomet kwenye Nyangores, Kapkimolwa kwenye Amala, na Mara Mines upande wetu. Kituo cha aina hii ni kitu cha kawaida tu: ubao wenye namba uliosimikwa majini na daftari la kuandikia kina cha maji. Namba hizo huenda kwa wataalamu. Mwanakijiji anayeishi umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye ubao hajui mwaka jana siku kama ya leo uliandika nini, na hajui kabisa ubao wa Kapkimolwa umeandika nini juzi. Tumewahi kuomba namba hizo kwa barua. Hatukujibiwa.

3. Sheria inasema nini

Tumesikia ikisemwa kwamba kila nchi ni bwana ndani ya mipaka yake. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili imekwishaamuliwa na mahakama zamani.

Kule Trail, nchini Kanada, kiwanda cha kuyeyusha madini kilitoa moshi wa salfa uliovuka mpaka na kuharibu mazao na miti ya wakulima wa jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1941 baraza la usuluhishi liliamua kwamba hakuna nchi yenye haki ya kutumia ardhi yake, wala kuiachia itumiwe, kwa namna inayoleta madhara makubwa katika ardhi ya nchi nyingine. Angalieni jambo hili: kiwanda kilikuwa mali ya kampuni binafsi, lakini aliyebebeshwa jukumu alikuwa Kanada. Kwa hiyo Serikali haiwezi kusema, "Waliokata miti si sisi, ni watu." Mwaka 1949 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Mlango wa Corfu kati ya Uingereza na Albania, ikasema nchi haipaswi kuiachia ardhi yake, ikijua, itumike kuvunja haki za nchi nyingine. Kanuni ya 21 ya Azimio la Stockholm la mwaka 1972 na kanuni ya 2 ya Azimio la Rio la mwaka 1992 zikalileta hilo kwenye mazingira, na kanuni ya 19 ya Rio ikaongeza kwamba nchi itoe taarifa mapema, na ishauriane kwa nia njema na wale wanaoweza kuathirika.

Sheria hii haiidai nchi muujiza. Haisemi kwamba hapatatokea madhara hata siku moja. Inaidai bidii: ijue hatari, ipime athari, itoe taarifa, ishauriane, iweke masharti, na isimamie masharti hayo. Kutunga kanuni na kuziweka kabatini si bidii.

Shauri lililotufundisha kuliko yote ni la Argentina na Uruguay, lililoamuliwa mwaka 2010. Uruguay iliruhusu kiwanda cha massa ya karatasi kijengwe kwenye ukingo wa mto unaotenganisha nchi hizo mbili, bila kwanza kuiarifu tume ya pamoja ya mto kama mkataba wao ulivyotaka. Mahakama ya Kimataifa ilisema mambo mawili makubwa. Kwanza, tathmini ya athari kwa mazingira ni wajibu wa sheria ya kimataifa kwa jumla pale mradi unapoweza kuleta madhara makubwa ng'ambo ya mpaka. Pili, Uruguay ilivunja wajibu wa kutoa taarifa. Lakini Mahakama haikuona ushahidi wa kutosha kwamba mto umechafuliwa, kwa hiyo kiwanda kikaendelea kufanya kazi, na Argentina ikaondoka na tamko kwamba ilikosewa. Mwaka 2015 ikawa vivyo hivyo kwa Costa Rica: Mahakama ilikuta kwamba ilijenga barabara kando ya Mto San Juan bila tathmini inayotakiwa, ikalitamka hilo, na barabara ikabaki mahali pake.

Waheshimiwa, somo la mashauri hayo mawili ndilo kiini cha risala hii. Haki ya jirani wa chini ina nguvu kabla ya ujenzi. Zege likishakauka, mahakama itampa jirani karatasi ya kumpa pole. Taarifa inayokuja baada ya ujenzi ni rambirambi. Ndiyo sababu hatuji hapa kudai fidia ya madhara yaliyopita kama dai letu la kwanza. Dai letu la kwanza ni wakati: tujue mapema, tuulizwe mapema, tupime mapema.

Na sheria hizi haziko Ulaya na Amerika peke yake. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini Novemba 2003 na Kenya, Tanzania na Uganda, imeyaweka mambo haya kwa maandishi: matumizi ya haki, kuzuia madhara kwa nchi wanachama, taarifa ya mapema, tathmini ya athari na ushirikishwaji wa wananchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 2(5), inasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Sheria za maji za nchi zote mbili, ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2016, zinatambua akiba ya mto, yaani maji yanayopaswa kuachwa mtoni kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake juu ya mabadiliko ya tabianchi, imesisitiza tena kwamba wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mazingira unazibana nchi zote.

4. Hatuombi turufu

Msije mkatuelewa vibaya. Tarehe 4 Julai 1962 Serikali ya Tanganyika, ikifuata msimamo unaojulikana kwa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye alizaliwa Butiama katika mkoa huu huu, ilizipelekea Uingereza, Misri na Sudan barua ikikataa kubanwa na mkataba wa Nile wa mwaka 1929. Mkataba ule ulifungwa na mkoloni, na uliipa Misri turufu, yaani nguvu ya kuzuia kazi kwenye mito na maziwa ya juu. Mwalimu alikuwa sahihi. Nchi ya chini haina haki ya kuifunga mikono nchi ya juu milele.

Maji ya Mara nayo, yakishapita ziwa, ni maji ya Nile. Hatuwezi kuikataa turufu Cairo kisha tukaidai Tarime. Wala sheria tuliyoitaja haitoi turufu. Kenya ina haki ya kutumia sehemu yake ya mto kwa namna ya haki, na sisi tuna haki ya kutodhuriwa kupita kiasi. Kati ya haki hizo mbili kuna kazi ya kukaa mezani, na kazi hiyo haifanyiki kama upande mmoja haujui kwamba kuna meza.

Kanuni hii imekwishatubana sisi pia. Tanzania ilipopanga barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, shirika la Africa Network for Animal Welfare la Nairobi lilifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha, mwaka 2010. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama iliizuia Serikali yetu kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi kwa mpango ule, kwa kuwa ungekiuka ahadi zake za mazingira chini ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wako miongoni mwetu waliokuwa wakiitamani barabara ile. Ilitugharimu. Lakini sheria iliyomsikiliza mlalamikaji kutoka Kenya dhidi ya Tanzania kabla katapila halijawashwa, ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kumsikiliza Mtanzania juu ya maji ya Amala kabla bwawa halijajengwa. Mto una pande mbili, na sheria iwe na pande mbili.

5. Madai yetu

Baada ya maelezo hayo, tunadai yafuatayo:

Moja: Daftari la miradi. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ifungue daftari moja la miradi yote iliyopendekezwa, inayojengwa na inayofanya kazi ndani ya bonde la Mara, ya Kenya na ya Tanzania: mabwawa, umwagiliaji, uhamishaji wa maji, migodi, viwanda na mahoteli makubwa. Liandikwe kwa Kiswahili. Nakala ibandikwe kwenye ofisi za kata upande wetu na ofisi za wadi upande wa Kenya, na irekebishwe kila baada ya miezi mitatu.

Dai hili lina sababu ya kisheria, si udadisi. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Arusha kupinga kitendo kinachokiuka Mkataba. Lakini kinampa miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au tangu alipokijua, na Mahakama imeushikilia muda huo kwa ukali. Mradi ukifichwa kwenye faili la Kiingereza katika mji wa mbali, mwanakijiji hunyang'anywa miezi yake miwili bila kujua. Atakapoliona zege, ataanza kwa kubishana juu ya kalenda badala ya kubishana juu ya mto.

Mbili: Taarifa ya miezi sita. Kabla kibali hakijatolewa kwa mradi wowote unaoweza kubadili wingi au ubora wa maji yanayovuka mpaka, nchi yenye mradi itoe taarifa rasmi kwa nchi ya pili, na nchi ya pili ipewe miezi sita ya kujibu. Muda huo hatukuutunga. Ndio uliomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya mito ya kimataifa. Ulipopitishwa, Kenya ilipiga kura ya ndiyo na Tanzania haikuegemea upande wowote. Tunaziomba nchi zote mbili ziufanye muda huo kuwa kanuni ya Mara.

Tatu: Tathmini isiyoishia mpakani. Tathmini ya athari ya mradi wa juu ifuate maji mpaka ziwani. Mikutano ya kukusanya maoni ifanyike pia katika vijiji vya chini. Muhtasari wake utolewe kwa Kiswahili, wiki nne kabla ya mkutano, ukiwa na namba za kiangazi na za masika, si wastani wa mwaka. Mwezi wa Februari mtu hanywi wastani wa mwaka.

Nne: Namba ya mpakani. Serikali mbili zikubaliane kiasi cha chini cha maji kinachopaswa kuvuka mpaka kila mwezi, kwa kufuata akiba inayotambuliwa na sheria zao wenyewe. Namba hiyo itangazwe. Vipimo vya Bomet, Kapkimolwa na Mara Mines, pamoja na vipimo vya ubora wa maji, vitolewe kwa umma kila wiki kwa redio za jamii na kwa ujumbe wa simu. Maji yakishuka chini ya namba, vibali vya umwagiliaji mkubwa vipunguzwe kwanza, pande zote mbili, kabla ya ndoo ya mama kuguswa.

Tano: Onyo. Mafuriko yaliyoikumba Masai Mara Mei 2024, mpaka watalii wakaokolewa kwenye kambi zao, yalionyesha jinsi maji ya bonde hili yanavyoweza kupanda kwa usiku mmoja. Patengenezwe mfumo wa pamoja wa kutuonya juu ya mafuriko, kufunguliwa kwa malango ya bwawa, au kumwagika kwa sumu. Onyo litoke kwa ofisa wa zamu upande mmoja kwenda kwa ofisa wa zamu upande wa pili moja kwa moja, bila kusubiri barua ipite wizara mbili.

Sita: Mau irudishwe, na haki za watu wake zilindwe. Tunadai ratiba ya wazi ya kurudisha miti kwenye vyanzo vya Nyangores na Amala, na ripoti ya kila mwaka. Lakini hatutaki jina letu litumike kuwafukuza Waogiek, wenyeji wa msitu huo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilivunja haki zao, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioumaliza msitu. Maji safi yanayopatikana kwa kumvunjia mwenzako nyumba hatuyahitaji.

Saba: Mlango mmoja wa malalamiko. Mkazi wa Tarime aweze kulalamika mbele ya mamlaka za Kenya juu ya mradi wa Bomet kama mkazi wa Bomet anavyoweza, na mkazi wa Narok apate haki hiyo hiyo mbele ya mamlaka za Tanzania. Palipo na madhara yaliyothibitishwa, fidia isiulize kitambulisho cha nchi gani.

Nane: Mkataba wa Mara. Hati ya makubaliano ya mwaka 2015 kati ya nchi zetu juu ya usimamizi wa pamoja wa mto huu ilikuwa hatua njema, lakini hati ya makubaliano haina meno ya mkataba. Tunadai mkataba kamili wenye tume ya kudumu ya mto, fungu la fedha kutoka bajeti za nchi zote mbili, na viti vya wawakilishi wa wananchi wa juu na wa chini.

6. Upande wetu

Anayedai haki aje na mikono iliyonawa. Mto hauishii kwetu. Unaingia ziwani, na Uganda iko ng'ambo. Kwa hiyo kila tulilolidai hapo juu linaidai na Tanzania: bwawa linalopendekezwa Borenga liingie kwenye daftari lile lile, na uchimbaji wa dhahabu katika mkoa wetu, wa mitambo mikubwa na wa mikono, uwe chini ya vipimo vile vile. Sisi wenyewe tunaahidi, kupitia kamati za mazingira za vijiji, kuusimamia ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto unaolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kupanga njia za mifugo kwenda majini, na kupeleka watu wetu wakasaidie kupanda miti Mau kila zamu ya Kenya ya Siku ya Mara. Nauli tutachanga.

7. Tunachotarajia baada ya leo

Tunaomba majibu ya maandishi, kwa Kiswahili, kwa kila dai kati ya madai nane, kabla ya tarehe 15 Desemba. Jibu la "haiwezekani" tutalipokea, mradi liwe na sababu. Daftari la miradi lisipokuwepo ifikapo tarehe hiyo, tutalianzisha wenyewe kwa kushirikiana na ndugu zetu wa Bomet na Narok, na kila mradi utakaoingia humo utaandikiwa tarehe tuliyoujua, ili miezi miwili ya Arusha ihesabiwe kwa maandishi. Tumekwishateua watu watatu wa kila wilaya kwa kazi hiyo, na tunawaomba wanasheria wenye moyo, wa Kenya na wa Tanzania, watusaidie bila malipo.

Waheshimiwa, kwa niaba ya wakazi wa vijiji vya Mara ya chini, tunaomba kuwasilisha.